Uzi: Jirani kaniachia watoto saa nne usiku, hajui atarudi lini. Nilikaa nao siku 19

MamaWaIlazo
Jumapili, saa 2:10 usiku

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mnivumilie, uzi huu ni mrefu, ila nadhani kuna mama mahali fulani atagongewa mlango kama nilivyogongewa mimi, na kukicha hatajua aanzie wapi.

Naishi Ilazo, Dodoma. Mtaani kwetu wenyeji ni wa kuhesabu. Wengi tulifuata ofisi serikali ilipoanza kuhamia huku 2016. Mmoja katokea Tanga, mwingine Bukoba, mwingine Mbeya. Ikitokea dharura, shangazi yuko Muheza na bibi yuko Karagwe. Aliye karibu ni wa ukuta wa pili.

Jirani yangu ana watoto wawili, wa kiume miaka 7, yuko darasa la pili, na wa kike miaka mitatu na nusu. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe anafanya kazi Katavi. Usiku huo nasikia hodi, nafungua, namkuta kashikilia nguzo ya kibaraza, uso umevimba, kichwa kinamgonga, anasema anaona vimulimuli. Bajaji inamngoja. Akaniambia, "Jirani, nishikie hawa." Basi. Watoto walikuwa na nguo za kulalia, miguu mitupu. Hospitali wakakuta presha imepanda vibaya, wakamlaza hapo hapo.

Usiku wa kwanza yule mdogo hakulala kabisa. Anataka kanga ya mama, kwa sababu amezoea kulala ameshika pindo lake. Asubuhi nikachukua ufunguo, nikaenda kwao, nikaikuta kanga kitandani. Kwa nia njema nikaifua kwanza. Jua hili letu, saa moja tu ikakauka. Usiku nikampa. Akaisogeza puani, akanusa, akaitupa chini, akaanza kulia upya. Harufu ya mama ilikuwa imeondoka na sabuni. Nikarudi kwao na tochi ya simu, nikavua foronya ya mto wa mama yake, nikaileta vilevile ilivyo. Hiyo ndiyo aliyolala nayo mpaka mwisho.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la mdomo wangu. Wa kike alipoamka analia, nikamwambia, "Mama kaenda sokoni, jioni anarudi." Ndivyo tulivyolelewa, mtoto hutulizwa. Kaka yake akasikia, akanyamaza. Jioni wakatoka wote wawili wakakaa kwenye jiwe la getini, wanaangalia barabara. Bajaji ikija wanasimama. Ikipita wanakaa. Mpaka giza. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nawaita waje kula, yule wa miaka 7 akanigeukia akaniuliza, "Mama mkubwa, hilo soko halifungwi?"

Nilikaa chini pale pale kwenye jiwe. Nikawaambia mama anaumwa, yuko hospitali, mtoto aliyekuwa tumboni ametolewa jana kwa upasuaji, ni mdogo sana na anatunzwa. Sijui mama atarudi siku gani, lakini nikijua tu, siku hiyo hiyo nitawaambia. Wa kiume akauliza kama mama atakufa. Nikamjibu nilichoambiwa na daktari, kwamba presha inashuka na anaongea, na usiku tutampigia. Tukampigia. Walilala wote mpaka alfajiri, kwa mara ya kwanza.

Ndugu zangu, ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni hicho. Mtoto wa mwenzio ukikaa naye siku mbili au ishirini, mwambie ukweli kuhusu mama yake. Kwa maneno ya umri wake, ndiyo, lakini ukweli. Sisi tunaona tunamwondolea huzuni, kumbe tunamwachia kazi ya kungoja getini.

La pili nililojifunza ni kwamba mtoto akifanywa mgeni anateseka. Yule wa kiume alikuwa anakata tonge dogo, anakula kwa kutuangalia usoni, hasemi ameshiba wala hajashiba. Nikampa kazi moja, kufungulia kuku asubuhi na kuokota mayai. Siku ya pili ya kazi hiyo akaingia jikoni mbio, "Mama mkubwa, leo manne!" Kuanzia hapo akawa anaomba nyongeza ya ugali.

Nauliza wenye uzoefu: nyie hela ya matumizi mnaipokea? Mtoto wa mwenzio akikosea unamfanyaje? Na kuna nini kingine nilipaswa kukijua usiku ule?


UbuyuMkavu
Jumapili, saa 2:31 usiku

Hilo soko halifungwi. Dada, nimelia hapa kwenye daladala watu wananiangalia.


Mtumishi_Mtumba
Jumapili, saa 3:02 usiku

Pole na hongera dada. Mimi ni upande wa pili, ni yule anayeacha watoto.

Ofisi yangu iko Mtumba, kutoka mjini ni kama kilomita 17. Saa 1:30 asubuhi natakiwa niwe mezani. Mke wangu akisafiri kikazi, wanangu wanategemea mama mmoja hapa Kisasa ambaye hatuna udugu naye hata wa mbali. Mke wangu alipojifungua wa mwisho nilikuwa bado kwenye kampuni binafsi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba siku 3 za likizo. Siku 3! Kitovu cha mtoto hakijadondoka wewe umesharudi kazini. Kwa hiyo huyo baba wa Katavi msimlaumu haraka.

Ninachotaka kuongeza ni karatasi. Mwaka juzi mwanangu wa kiume alipata homa nikiwa safarini. Mama wa watu akambeba mpaka kituo cha afya, anaulizwa mtoto ana miaka mingapi, ana mzio wa dawa gani, hajui. Wakamwandikia septrini. Mwanangu septrini haimpatani, midomo inavimba, ngozi inatoka malengelenge. Bahati mke wangu alipiga simu kabla hajaimeza. Yule mama mpaka leo akikumbuka anashika kifua.

Tangu siku hiyo kwenye begi la kila mtoto kuna karatasi nimeiandika kwa mkono: jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, uzito wake, dawa isiyompatana, namba zetu wazazi na ya mjomba wake, na majina ya watu wawili tu wanaoruhusiwa kuja kumchukua. Chini nimeandika kwamba aliyemshika anaruhusiwa kumpeleka hospitali, nimesaini. Kadi ya kliniki na kadi ya bima zinakaa hapo hapo. Usiku wa dharura hakuna anayekumbuka kitu, begi ndilo linalokumbuka.


BibiWaKongwa
Jumapili, saa 3:40 usiku

Mbukwenyi wanangu. Mjukuu ananiandikia, mimi nasema.

Huyu mwanangu wa Ilazo amefanya vyema. Sisi Kongwa mama akikaribia kujifungua, watoto wakubwa walikuwa wanapelekwa kwa bibi yao, na hakuna aliyeuliza hela. Walikula tulichokula, ugali wa uwele na mlenda, na wakati wa ubuyu wanakoroga uji wa ubuyu. Sasa watoto wa pwani wakiuona mlenda wanakunja uso. Usimlazimishe mtoto aliyetengwa na mama yake kula kitu asichokijua. Muulize mama yake kwenye simu, kwenu mnakula nini Jumamosi? Umpikie hicho hata mara moja. Tumbo la mtoto linakumbuka kwao.

Hela pokea mwanangu. Nasema hivi ingawa zamani haikuwepo. Zamani chakula kilikuwa ghalani, leo unga unanunua dukani kwa kilo. Ukikataa, mwenzio atakuwa na aibu ya kuwaleta tena, na siku nyingine atawafungia ndani peke yao.


KijanaKizota
Jumapili, saa 4:05 usiku

Bibi shikamoo. Nakuheshimu, ila hayo ya "zamani hakuna aliyeuliza" yana upande ambao hausemwi.

Mimi nililetwa mjini nikiwa na miaka 9 kwa ndugu wa baba, wiki mbili za likizo ya mwezi wa sita. Wiki ya kwanza nilikuwa mgeni. Ya pili nikawa nachota maji. Shule ikafunguliwa, sikurudishwa. Nilikaa miaka miwili. Saa kumi na moja alfajiri niko bombani na madumu mawili ya lita kumi, watoto wa mwenye nyumba wanaamka saa moja wanakunywa chai. Sikupigwa, nilikula, kwa hiyo kila mtu alisema nimelelewa. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kurudi kwetu. Na baba alikuwa anaambiwa kwenye simu, "Mtoto anapenda mjini."

Dada wa Ilazo, nimependa umempa mayai. Ila nimejiuliza, na wa kwako walikuwa na kazi? Maana tofauti iko hapo tu. Kazi ambayo mwanao naye anayo ni malezi. Kazi ambayo ni ya mtoto wa kuja peke yake, hiyo ni kitu kingine.


MamaWaIlazo
Jumapili, saa 4:20 usiku

Pole sana mdogo wangu. Nimesoma mara mbili. Ndiyo, wangu wa kwanza anaosha vyombo vya jioni, wa pili anafagia uwanja. Kazi ya mayai ilikuwa ya huyo wa pili, akakubali kumwachia mwenzie. Asante kwa kuuliza, ni swali zuri na mtu yeyote anastahili kuulizwa.


NesiWaZamu
Jumatatu, saa 12:50 alfajiri

Nimetoka zamu, nimeuona uzi huu siwezi kulala bila kuandika.

Kwanza yule mama. Mjamzito mwenye kichwa kinachogonga, vimulimuli machoni na uso kuvimba, hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Alifanya jambo sahihi kukuachia watoto na kukimbia. Angengoja asubuhi ili awatafutie nguo, huenda tungekuwa tunaongea mengine. Kwa hiyo wewe uliyefungua mlango ulikuwa sehemu ya matibabu yake.

Sasa watoto. Mtoto wa kuja kwenye nyumba ngeni anaumia kwa vitu ambavyo wenyeji wameshavizoea. Hapa Dodoma kila nyumba ina ndoo, madumu na mapipa kwa sababu ya mgao wa maji. Mwanao anajua pipa liko wapi, huyu wa miaka mitatu hajui. Mtoto mdogo anazama kwenye ndoo yenye maji ya kina cha kiganja, akitanguliza kichwa hawezi kujiinua, na wala hapigi kelele. Funika, au mwaga. Na huku kwetu kila kiwanja cha pili kinajengwa: shimo la choo limechimbwa, halijafunikwa, mafundi hawapo. Siku ya kwanza zunguka uwanja na mtoto mkononi kabla hujamwachia acheze.

Mwezi wa sita na wa saba baridi na upepo vikianza, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani watoto wapate joto. Nawaomba kwa Mungu, msifanye. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, wanalala na hawaamki. Ongeza blanketi, walaze pamoja wasichana kwa wasichana, jiko libaki nje.

Akiharisha, na watoto wengi wanaharisha wakibadilishiwa chakula na maji, mpe ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini: pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, usikadirie kwa kikombe, na uliyoikoroga leo isilale mpaka kesho. Zinki utapewa kituoni, anaimeza siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya pili. Homa, panado ni kwa uzito wa mtoto, si kukata kidonge cha mkubwa kwa kisu. Lakini akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akapata degedege, au amelegea haamki vizuri, usimpigie mama yake kuomba ushauri. Nenda kwanza, simu utapiga mkiwa njiani. Na sera ya afya inasema mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo kukosa hela kusikucheleweshe.


UstawiKati
Jumatatu, saa 3:15 asubuhi

Nafanya kazi ya ustawi wa jamii mkoa huu, nachangia kama mwananchi.

KijanaKizota, ulichosimulia kina jina kwenye sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wajibu wa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na nafasi ya kucheza ni wa mzazi, mlezi, au mtu mwingine yeyote anayekaa na mtoto huyo. Yaani hata ukikaa naye wiki mbili, kwa muda huo wajibu ni wako. Na kazi inayomnyima shule au kumuumiza ni unyonyaji, hata ikifanyika kwa mjomba.

Kuhusu akikosea: usimchape. Sheria hiyo hiyo inakataza adhabu isiyolingana na umri, mwili na akili ya mtoto, lakini hata tukiweka sheria pembeni, mtoto aliyetenganishwa na mama yake akikojoa kitandani, akijibu vibaya au akivunja glasi, mara nyingi hiyo ni hofu inaongea. Mkalishe, mwambie kosa, mnyime mchezo wa jioni, inatosha. Jambo likiwa zito liache mpaka mzazi wake arudi.

Kuna jambo gumu kidogo na dada hakuliuliza, ila lazima lisemwe. Mtoto wa mwenzio alale wapi na nani? Asilazwe chumba kimoja na mwanaume mtu mzima au kijana mkubwa wa kiume, hata awe mdogo wako uliyemlea. Wageni wakija wakajaa nyumba, wewe lala naye. Asitumwe dukani giza likiingia. Mwambie waziwazi, mtu akikushika mahali pa siri au akikwambia tusimwambie mama mkubwa, njoo uniambie, sitakugombeza. Kesi nyingi tunazopokea, aliyefanya alikuwa amezoeleka nyumbani. Ukiona dalili, piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto, haikatwi hela, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Usiitishe kikao cha familia kwanza.

Na wewe unayetafuta pa kumwacha mtoto kila siku ya kazi, kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinatakiwa kuwa na usajili. Omba uone cheti. Halafu omba uone choo na mahali wanapolala, na uende siku moja bila taarifa saa tano asubuhi.


Mtumishi_Mtumba
Jumatatu, saa 3:48 asubuhi

Afisa, asante. Swali: jirani akikuachia mtoto halafu simu haipatikani, siku ya pili, ya tatu?


UstawiKati
Jumatatu, saa 4:10 asubuhi

Siku hiyo hiyo simu inapokuwa haipatikani, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wako umjulishe kwamba una mtoto wa fulani, toka saa fulani. Mjumbe naye ajue. Kisha ofisi ya ustawi ya kata. Hii inakulinda wewe pia, kwa sababu mtoto akiwa ndani kwako na hakuna anayejua, likitokea lolote maelezo yako yatakuwa peke yake. Kumbe mara nyingi mzazi yuko hospitali simu imezima chaji.


MamaWaIlazo
Jumatatu, saa 2:05 usiku

Nimewasoma wote, nimeandika mengine kwenye daftari. Nesi, pipa langu halikuwa na mfuniko. Nimenunua leo pale Majengo nikitoka kazini.

Kuhusu hela: baba yao alituma siku ya nne kwa simu. Nilitaka kuirudisha, nikampigia mama mkwe wangu, akaniambia karibu maneno yale yale ya bibi wa Kongwa. Nikaipokea. Nilinunua unga, maziwa, ndala pea mbili, na kilichobaki nikakiweka kwenye bahasha, nikampa jirani aliporudi pamoja na karatasi ya matumizi. Hakuisoma ile karatasi. Aliikunja akaiweka kwenye sidiria, akanishika mkono muda mrefu.

Mtaniuliza alirudi vipi. Kichanga kilizaliwa na kilo 1.7, kwa hiyo alibaki wodi ya watoto njiti, anambeba kifuani ngozi kwa ngozi usiku na mchana mpaka uzito ukae sawa. Kila jioni tulipiga simu. Baada ya lile jiwe la getini, wa kiume alibuni jambo lake mwenyewe: akikata simu anaokota kokoto moja uwanjani anaiweka kwenye kopo la maziwa. Aliniambia ni za kumwonyesha mama alikaa siku ngapi, kwa sababu mama hospitali huenda hahesabu.

Siku alipopewa ruhusa niliwaambia asubuhi, kama nilivyoahidi. Wa kiume hakwenda kucheza. Bajaji iliposimama alikuwa wa kwanza kufika, hakumkumbatia mama yake, alikaa chini kwenye vumbi akamwaga kokoto zote miguuni pake akaanza kumhesabia kwa sauti, moja moja. Mama yake kasimama pale na kichanga kifuani, na kidonda cha upasuaji, anangoja amalize. Zilikuwa 16, akaongeza tatu za zile siku za soko.

Ila yule wa kike alijificha nyuma ya dera langu. Mama anamwita, anakaza uso, hataki hata kumwangalia. Ilinichoma, na najua mama yake ilimchoma zaidi. Sikumsukuma. Nilienda nao mpaka kwao, nikakaa sebuleni kwao mpaka saa tatu usiku, akasogea mwenyewe, kwanza kwenye mguu wa mama, halafu kwenye kanga.

Sasa ni wiki ya pili wako kwao. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi nasikia geti linagongwa kwa kitu cha bati. Ni yeye, kaja na sahani yake, anataka kuhesabu mayai na kaka yake. Nesi, ukipata nafasi uniambie, nimwache aje au nimpunguze taratibu? Leo yalikuwa matano, nimempa mawili ampelekee mama.


NesiWaZamu
Jumatatu, saa 2:40 usiku

Mwache aje. Mama mzazi mwenye kidonda anahitaji hayo mayai.